Sisi tuliovuka Kongowe ni watu wa Dar au wa Pwani? Mkuranga tuko 533,033 na bado tunaitwa kijiji

HatuaIshirini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda ashuke moja kwa moja kwenye maoni.

Mwaka 2017 nilinunua kiwanja hatua ishirini kwa ishirini kwa mzee mmoja. Dalali akaniapia, "Bosi, hapa ni Mbagala ya mbele, honi za Rangi Tatu unazisikia ukiwa kitandani." Nikajenga vyumba viwili na sebule, nikahamisha familia kutoka Tandika. Kazi yangu iko Kariakoo, natoka alfajiri narudi giza limeshaingia. Kichwani mwangu mimi ni mtu wa Dar, nimezaliwa Temeke na sijahama mji.

Basi, 23 Agosti 2022, siku ya sensa, akaja binti na kishikwambi chake. Tukampa ndoo iliyogeuzwa akakaa chini ya mwembe. Anabonyeza huku anasoma kwa sauti: Mkoa, Pwani. Wilaya, Mkuranga. Nikamwambia dada, umekosea, rudi nyuma. Akacheka. "Kaka, Dar umeiacha pale Kongowe. Umelala Pwani miaka mitano."

Nikapuuza. Mkoa nani anaula? Maji nachota, umeme unawaka, daladala inafika. Sasa mwezi huu nimeomba mkopo kazini, benki wanataka barua ya utambulisho wa makazi. Ndipo nilipojua kuwa mkoa unaliwa.

Nilianza kwa mjumbe. Akaandika karatasi vizuri, nikaenda nayo kwa mtendaji wa kijiji (sikitaji, nitaendelea kuishi hapo). Akaniambia mjumbe huyo ni wa chama, serikali haimjui, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikaenda. Mwenyekiti akafungua daftari lake la mistari, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akatafuta jina langu kwa kidole kuanzia ukurasa wa kwanza. Hakuna. Akaniuliza, "Nyumba yako iko huku au ng'ambo ya mkorosho?" Nikamuuliza mkorosho upi. Akasema mpaka wa kitongoji chake na cha mwenzake ni mkorosho mkubwa. Tukatoka kwenda kuutazama. Hakuna mkorosho, kuna fremu tatu za maduka na kibanda cha miamala. Aliyenunua pale aliukata.

Kwa hiyo niko kati ya wenyeviti wawili, kila mmoja ananipeleka kwa mwenzake, na mti wa ushahidi umekuwa mkaa.

Naomba wajuzi mnisaidie. Hii wilaya imegawanywaje? Tuko wangapi humu? Na kwa nini sehemu iliyoshonana nyumba mpaka maji ya mvua hayana pa kupita inaitwa "kijiji"?

---

NimekaaPale

Naweka kambi hapa. Hilo la mkorosho limenichekesha mpaka nimemwaga chai.

---

KaraniMstaafu22

Mwanzisha uzi, mimi nilikuwa karani mwaka huo, si wako lakini, usinidai. Ngoja nikupe hesabu kwanza, mgawanyo nitakuja nao.

Sensa ya 2002 iliikuta Mkuranga na watu 187,428. Ya 2012 ikakuta 222,921. Toa, utapata nyongeza ya 35,493 kwa miaka kumi. Wilaya ya shamba ya kawaida kabisa, watu wanazaliwa, wengine wanakimbilia mjini. Halafu 2022: 533,033. Nyongeza 310,112! Ukipiga kwa mwaka ni kama asilimia 9, wakati nchi nzima ilikuwa inakua kwa asilimia 3.2.

Hakuna kizazi kinachoweza kufanya hivyo wakuu, hata mkizaa kila mwaka. Hao ni watu waliohama. Na wametoka wapi? Wametoka huko ulikotoka wewe, Tandika, Buguruni, Mbagala, Yombo. Mtu anapanga chumba kimoja na watoto wanne, anasikia kuna kiwanja mbele ya Kongowe, anafunga virago.

Sasa tazama picha kubwa. Dar ilitoka 4,364,541 mwaka 2012 ikafika 5,383,728 mwaka 2022, imeongeza milioni moja na ushee. Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947, imeongeza 926,279. Yaani ule mkoa tunaouita wa mihogo umeongeza karibu sawa na jiji lenyewe. Na katika nyongeza hiyo ya Pwani, theluthi moja ni Mkuranga peke yake.

Kwa hiyo swali lako la "mimi ni wa Dar au wa Pwani" unauliza kwa niaba ya watu laki kadhaa.

---

Kisutu_Boy

> KaraniMstaafu22 alisema: Pwani imeongeza 926,279

Takwimu zenu mimi siziamini. Ziko wazi kabisa kwamba Temeke mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,368,881 na mwaka 2022 ina 1,346,674. Temeke imepungua?? Anayepita Mbagala saa kumi na mbili jioni anaweza kuniambia watu wamepungua?

---

KaraniMstaafu22

Mkuu, hapo ndipo wengi mnapotegwa. Idadi ya watu haisomwi bila kusoma mpaka. Temeke ya 2012 ilikuwa na Kigamboni ndani yake. Kati ya sensa hizo mbili Kigamboni ikamegwa ikawa manispaa, na 2022 ilikuwa na watu 317,902. Rudisha hao kwenye Temeke unapata 1,664,576. Temeke haijapungua, imekatwa.

Kinondoni vivyo hivyo. 2012 ilikuwa 1,775,049, na 2022 ni 982,328 tu. Ubungo ilitoka na 1,086,912. Mtoto kamzidi mama.

Na huko Pwani usije ukachukua Rufiji ya 2012 ukailinganisha na ya leo, Kibiti imetoka humo. Bagamoyo nayo imetoa Halmashauri ya Chalinze. Uzuri wa Mkuranga ni kwamba katika sensa hizo mbili haikumegwa, kwa hiyo 222,921 na 533,033 ni eneo lile lile. Ndiyo maana namba yake inatisha.

---

Kisutu_Boy

Sawa, nimeelewa. Nimekaa chini.

---

DalaliMkweli

Sisi madalali mnatuonea. Nikikuambia "Mbagala ya mbele" nimekudanganya nini? Mbele ya Mbagala ni wapi? Ungeuliza mkoa ningekujibu. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza mkoa, wanauliza "gari inafika?"

---

HatuaIshirini

> DalaliMkweli alisema: Ungeuliza mkoa ningekujibu

Wewe ndiye uliyeniuzia nini? Maana maneno ni yale yale.

---

MzeeKorosho

Vijana hamjambo. Mimi nimezaliwa upande wa Mkamba, sasa nakaa Mtoni kwa mwanangu. Nitaeleza ninavyojua, mtakaponisahihisha nisahihisheni kwa adabu.

Mkuranga yenyewe zamani ilikuwa Kisarawe. Mtu wa Kisiju akiwa na shauri lake bomani alipanda gari mpaka Dar es Salaam, anavuka mji mzima, halafu ndiyo anapandisha Pugu kwenda Kisarawe. Unatoka wilayani kwako, unapita mkoa wa wenzio, unaingia tena wilayani kwako. Ikaja kumegwa ikawa wilaya yake, tukapumua. Lakini hata leo ukitaka makao makuu ya mkoa ni Kibaha, na kwenda Kibaha kutoka Mkuranga kwa gari za abiria unapita humo humo Dar. Mbagala, Ubungo, Mbezi, ndipo Kibaha. Kwa hiyo mwanangu ukiona watu wa Mkuranga hawajui kama wao ni Pwani, usiwashangae. Mkoa wao wanauendea kwa kupitia mkoa mwingine.

Sasa vijiji. Vijiji hivi vingi vimepangwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ile ya 1970. Tulikuwa tumetawanyika, kila mtu na minazi yake na mikorosho yake, tukaambiwa sogeeni barabarani mkae pamoja. Sheria ya 1975 ikasema kijiji kisipungue kaya 250. Mia mbili na hamsini! Wakati ule hizo zilikuwa nyingi, mwenyekiti alihesabu watu wake kwa sura. Anajua fulani ana mke mgonjwa, fulani mbuzi wake kala mihogo ya jirani. Mpaka unauonyesha kwa mti kwa sababu mti hauhami, na kila mtu anajua ni wa nani.

Leo kitongoji kimoja, tena sehemu tu ya kijiji, kinaweza kuzidi hizo kaya. Lakini vifaa vya kuongozea ni vile vile, daftari la mistari na mkorosho. Mkorosho nao mmeukata.

---

KaraniMstaafu22

Shikamoo mzee. Umenisaidia, ngoja nimalizie mgawanyo kama nilivyoahidi.

Mkuranga ina tarafa 4, yaani Mkuranga, Kisiju, Mkamba na Shungubweni. Chini yake kata 25. Chini ya kata vijiji 125, na kila kijiji kina vitongoji vyake.

Gawanya 533,033 kwa kata 25, kila kata watu 21,321. Gawanya kwa vijiji, kila kijiji 4,264. Ila huo wastani ni uongo mtamu. Kata za barabarani huku Mwandege, Vikindu na Tambani zimefura, na kata za ndani kama Magawa au Bupu bado unaweza kutembea hukutani na mtu.

Nani ni nani sasa. Kitongoji kina mwenyekiti wa kuchaguliwa. Kijiji kina mwenyekiti wa kuchaguliwa, na mtendaji wa kijiji ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Kata ina diwani wa kuchaguliwa na mtendaji wa kata mwajiriwa. Tarafa haina mchaguliwa, kuna afisa tarafa tu, naye ni mkono wa mkuu wa wilaya. Juu kuna mkuu wa wilaya anayeteuliwa na Rais, na pembeni yake halmashauri, yenye mkurugenzi na baraza la madiwani. Watu wanachanganya sana hao wawili. Mkuu wa wilaya ni serikali kuu. Mkurugenzi ndiye anayeshika mfuko wa halmashauri.

Mjini ngazi ya chini ni fupi: kata halafu mtaa, basi. Hakuna kijiji, hakuna kitongoji. Ulipotoka Tandika ulitoka kwenye mtaa wenye mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Ulipovuka Kongowe umeingia kwenye sheria nyingine kabisa. Sheria za serikali za mitaa za 1982 ziko mbili, Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji. Wewe umetoka namba nane ukaingia namba saba kwa kuvuka barabara.

Na mjumbe wa nyumba kumi: mtendaji alikuwa sahihi. Tangu vyama vingi virudi 1992, yule ni kiongozi wa shina la chama. Ni mtu mzuri, anajua watu, msibani ndiye wa kwanza kufika, lakini muhuri wake si wa serikali.

---

Mama Wawili

Hilo la mjumbe tuseme ukweli, mbona huku Dar ofisi nyingine bado wanakwambia "anza kwa mjumbe"? Mimi mwaka jana nilifukuzwa na mtendaji wa mtaa kwa sababu sikuwa na karatasi ya mjumbe. Kila ofisi na sheria yake.

---

FundiWaya

Mnaongelea karatasi, mimi nawaongelea hela. Mwaka 2022 bei ya kuvutiwa umeme wa njia moja, ukiwa ndani ya mita 30 za nguzo, kijijini ilikuwa shilingi 27,000 na mjini 320,960. Ile tofauti imeliza watu maeneo haya ya mpakani. Nyumba mbili zinatazamana, huyu analipa hela ya sukari, yule analipa hela ya mbuzi watatu.

Ndiyo kwanza nikaona watu waliokuwa wanasema "sisi Dar" wakageuka, "sisi wanakijiji, sisi wakulima". Mmoja kanionyesha mche wa muhogo kwenye ndoo ya rangi. Eti shamba.

---

NimekaaPale

😂😂 Muhogo kwenye ndoo!

---

Wakili wa Uswazi

Naongeza la ardhi, kwa sababu ndilo litakalowaumiza wengi humu.

Ardhi ya kijiji inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, inayowajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Mtu wa nje akinunua haki ya mwanakijiji, lazima halmashauri ya kijiji iridhie kwenye kikao chenye muhtasari. Saini ya mwenyekiti mmoja juu ya kava la daftari haitoshi, hata akigonga mihuri mitano.

Hati ya huko inaitwa hakimiliki ya kimila, na mwanakijiji anaweza kupewa isiyo na ukomo wa miaka. Mjini mnapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Siku eneo lenu likitangazwa mji, mambo ya mipango miji yanaingia: upimaji, barabara za mita kadhaa, na nyumba zenu hizo zilizobanana mtajua zinasimama wapi.

HatuaIshirini, mkataba wako wa 2017 una muhtasari wa kikao?

---

HatuaIshirini

Una saini ya mwenyekiti, ya mzee, ya dalali na ya shemeji yangu kama shahidi. Muhtasari ndiyo kwanza nausikia kwako. Asante kwa kunikosesha usingizi.

---

Bi Mkunazi

Nimesoma wote, nimenyamaza, sasa niseme. Mimi ni wa Kisiju. Nyie kila mkiandika "Mkuranga" mnamaanisha kilomita chache za Barabara ya Kilwa. Viwanda, fremu, viwanja, daladala. Mkuranga ni hiyo tu?

Sisi huku tuna bahari. Tuna visiwa, Koma na Kwale, watu wanaishi, watoto wanasoma. Karani akija na kishikwambi chake apande chombo asubiri maji yajae. Huku hakuna anayeuliza kama sisi ni Dar, tunajua sisi ni nani. Tunalima korosho, tunavua, nazi tunaangua. Kitongoji chetu mwenyekiti anajua watu wote na daftari halihitaji.

Tatizo ni kwamba tumefungwa kamba moja na nyie. Kikao cha madiwani kikikaa, diwani wa barabarani anataka mitaro, madarasa na madawati kwa sababu watoto wamejaa, na ana haki. Diwani wetu anataka boti na zahanati yenye mganga, naye ana haki. Mfuko ni mmoja. Wenye watu wengi wana sauti kubwa. Wakiwapa nyie umanispaa mkaenda zenu na viwanda vyenu, ushuru wa viwanda unaenda na nani? Sisi tunabaki na nazi.

Hilo hamjaliuliza.

---

MzeeKorosho

Bi Mkunazi, kweli tupu. Mwenye masikio na asikie.

---

Mvita_Kijana

Salaam wakuu, mie niko Mombasa nasoma tu. Nimeshtuka kuona Kwale hapo juu, nikadhani yatajwa kaunti yetu! Kumbe ni kisiwa chenu.

Sisi huku kaunti ya Kwale ilihesabiwa watu 866,820 mwaka 2019. Ina majimbo manne, Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, na wadi ishirini. Nayo yauma vivyo hivyo: Diani kwenye hoteli wamejaa, Kinango ndani huko mtu na ng'ombe wake na ukame. Ila tofauti na nyinyi, tangu 2013 sisi twamchagua gavana wenyewe. Huyo mkuu wa wilaya wenu mwateuliwa tu? Mkimkasirikia mwamfanyaje?

Lakini chini kabisa hatupishani sana. Chifu na naibu wake pia hawapigiwi kura, ni waajiriwa wa serikali kuu. Na barua ya utambulisho? Kwa chifu, hivyo hivyo, mpaka umkute ofisini.

---

KaraniMstaafu22

Karibu sana mkuu. Kumkasirikia mkuu wa wilaya tunafanya sana, ila kimoyomoyo. Wa kupigia kura ni diwani na mbunge, na huku chini mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji. Uchaguzi wa mwisho wa hao wa chini ulikuwa 27 Novemba 2024, nchi nzima ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 63,000. Wapo wasiokwenda kupiga hiyo kura, halafu siku wakitaka barua ndipo wanauliza "hivi mwenyekiti wetu ni nani?" Simsemi mtu.

---

HatuaIshirini

> KaraniMstaafu22 alisema: Simsemi mtu

Umenisema. Siku hiyo nilikuwa dukani.

---

Jirani wa Chamazi

Kuna kitu nataka wenzangu wa ng'ambo mkione. Mwaka 2025 tume ya uchaguzi iliongeza majimbo manane, nchi ikatoka 264 ikafika 272. Dar tukapata mawili, Kivule kutoka Ukonga na Chamazi kutoka Mbagala. Mimi nakaa Chamazi, nikitupa jiwe kwa nguvu linaangukia kwenu. Huku tumemegewa kwa sababu ya wingi wa watu, nyie nusu milioni na ushee mbunge wenu ni yule yule mmoja. Hata Kigamboni tayari mmeizidi kwa watu zaidi ya laki mbili.

Siwachokozi. Nasema tu, kuitwa kijiji kunapunguza kelele.

---

Mwalimu wa Zamu

Swali la pembeni kwa karani. Mume wangu ni mlinzi, usiku wa kuamkia sensa alikuwa lindo Masaki. Alihesabiwa wapi? Maana kama walinzi wote wa Mkuranga walihesabiwa Masaki, hiyo 533,033 ni ndogo!

---

KaraniMstaafu22

Mwalimu, aliye kazini usiku tulimhesabu kwenye kaya yake, kwa hiyo mumeo ni wa Mkuranga, usiwe na wasiwasi. Lakini aliyelala gesti, au aliyekwenda kwa shangazi Tandika, alihesabiwa alikolala. Ndiyo kanuni, umelala wapi usiku ule.

Ila umegusa jambo. Sensa inahesabu watu walipolala. Haihesabu walikoshinda. Ukisimama Kongowe alfajiri unaziona gari zinavyoelekea mjini, na mchana vijiji hivyo vinabaki na kina mama, watoto na mafundi. Usiku vinajaa. Kwa kitabu cha sensa Mkuranga ni wilaya ya watu nusu milioni, kwa mchana sijui tuiite nini.

---

DalaliMkweli

Kwa wanaohitaji, nina kiwanja Tambani, hatua 20 kwa 20, muhtasari wa kikao upo. Nimejifunza kitu humu. MKOA NI PWANI, nimeandika kwa herufi kubwa msije mkanisema.

---

Mchapa Lapa

Kwa nini Kisarawe haikujaa hivi? Nayo imepakana na Dar. Nimetazama, 2012 ilikuwa 101,598 na 2022 ni 159,226. Imekua, lakini si mafuriko kama ya kwenu.

---

MzeeKorosho

Kisarawe kuna misitu, Pugu na Kazimzumbwi, ile ni hifadhi. Na kuna vilima. Mtu wa kujenga anafuata lami iliyonyooka na ardhi tambarare ya mchanga, jembe linaingia lenyewe. Barabara ya Kilwa imewapa vyote viwili. Na viwanda vikafuata lami hiyo hiyo, watu wakafuata viwanda. Vikindu napo pana msitu, lakini nyumba zimeuzunguka kama wageni wa harusi wanavyozunguka sinia.

---

HatuaIshirini

Wakuu, mrejesho.

Leo nimeomba ruhusa kazini. Nilifuata ushauri, nikaenda kwa mtendaji nikamwambia mpaka umekatwa ukawa mkaa, amueni nyie. Mtendaji akawapigia simu wenyeviti wote wawili. Wakaja. Tukaenda tena pale kwenye fremu, safari hii na bibi mmoja wa zamani wa pale, amekaa tangu ardhi ile ni mihogo mitupu. Bibi akasimama, akatazama, akafuta kiatu chake mchangani mara mbili tatu, kikatokea kisiki. Kimepigwa zege juu, ni kizingiti cha duka la katikati. Akasema, "Huyu hapa."

Nyumba yangu iko hatua kama arobaini upande wa kushoto wa kizingiti. Kwa hiyo nina mwenyekiti! Ni yule wa kwanza, aliyenipeleka kwa mwenzake. Akaandika jina langu kwenye daftari, nambari ya mwisho ya ukurasa wa mwisho, chini ya jedwali la kuzidisha. Nikamwuliza wengine waliobaki ataandika wapi. Akasema atanunua daftari lingine mkutano mkuu ukimpitishia hela.

Barua ikaandikwa. Muhuri ukawa hautoi, kidau kimekauka. Akaupulizia pumzi ya mdomo, haa, haa, mara tatu, akagonga kwa nguvu. Ukatoka nusu, "...JIJI CHA", basi. Nikachukua hivyo hivyo, nikapanda gari mpaka mjini, nikawahi benki kabla hawajafunga.

Dada wa dirishani akasoma barua, akaigeuza, akasoma tena. Mwenyekiti ameandika hivi, nanukuu: "Namthibitisha huyu ni mkazi wa kitongoji changu, Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Dar es Salaam."

Imerudishwa. Naenda tena Jumatatu.

---

Bi Mkunazi

Nenda na wino.